Mwaka mmoja na Wayahudi wa Mbale, Uganda: nilikuwa fundi wao wa sola (uzi mrefu, vuta kiti)

FundiWaKyaka

Wakuu salaam. Kila ikiguswa mada ya Wayahudi wa Uganda humu ndani naona watu wanarushiana maneno, huyu anasema ni feki, yule anasema ni kabila la Israeli lililopotea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kula nao matoke. Mimi nimekaa nao mwaka, Agosti 2022 mpaka Agosti 2023. Sikwenda kama mtafiti wala sikwenda kuokoa roho za watu, nilikwenda kufunga sola.

Nilifika Mbale siku chache baada ya yale mafuriko ya Julai 31, mji bado una tope na maduka yanaanika mizigo barabarani. Nikapata chumba kwenye kilima kimoja, nusu saa kwa boda toka mjini. Kijiji sikitaji, ni kadogo, nikitaja tu mtamjua kila mtu. Nyumba za Abayudaya (ndo wanavyojiita, ni Kiganda tu cha Wayahudi) hazizidi ishirini hivi, majirani wengine Waislamu, Waanglikana na walokole wa spika kubwa. Mi Mhaya, Kiganda nakisikia nusu, maji kwetu ni amaizi kwao amazzi, kwaiyo wiki ya pili nishaanza kudokoa maneno na hata mipasho naielewa.

Sinagogi lao msifikirie jengo la kwenye picha. Lile kubwa liko kilima cha Nabugoye, lilifunguliwa 2016, zuri kweli. Hili la kwetu (ndio, nasema la kwetu) ni matofali ya kuchoma, bati, madirisha hayana vioo, mabenchi kama ya darasa la kwanza na kabati lenye pazia ambamo Tora inakaa. Rabi wa kudumu hakuna. Anayeongoza ni mzee mmoja jirani yangu, mkulima wa kahawa, amejifunza Kiebrania kwa kukariri na anakisoma kwa lafudhi ya Kigwere.

Mzee akanipa kazi ya paneli moja, betri mbili, inveta na taa nne. Nikamaliza Ijumaa mchana nikajipongeza. Kumbe sijajua mteja wangu ni nani. Jua likizama Ijumaa hawa watu hawawashi kitu wala hawazimi mpaka Jumamosi nyota zitoke. Taa ziliwaka usiku kucha, saa tisa betri chali, inveta inalia pii pii pii kijiji kizima kinasikia na hakuna wa kuizima. Asubuhi nikamwambia mzee usijali Ijumaa ijayo nakuja kuzima mimi, mi sio Myahudi si haramu kwangu. Akanitazama akasema mwanangu, nisichoruhusiwa kufanya mwenyewe leo siwezi kukutuma wewe, ungeniuliza jana. Jumatatu nikaenda mjini nikanunua taima, iwashe saa kumi na mbili jioni izime saa nne usiku. Tangu siku ile kila nikipita watoto wananiita "taima".

Naendelea, acha nichaji simu.

Kiherehere_Mkuu

Nimeweka kambi hapa. Ila fundi jibu kwanza hili kabla hujaendelea: ni Wayahudi wa damu au walijipachika?

FundiWaKyaka

Swali la kila mtu hilo. Kwa damu hapana, na wao wenyewe hawakwambii ni kwa damu, hawana hadithi ya kupotea jangwani.

Mwanzilishi ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki, akitegemea watamfanya kabaka wa huku. Hawakumfanya. Akawakasirikia, akaingia dhehebu la Bamalaki wale waliokuwa wanakataa dawa za hospitali, huku anasoma Biblia mwenyewe. Kadiri alivyozama kwenye Agano la Kale ndo akazidi kuuliza kwa nini hatutahiri, kwa nini hili, kwa nini lile. Mwaka 1919 akajitahiri na wanawe. Inasimuliwa wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu basi sisi ni Wayahudi. Mwaka 1920 akapita Myahudi mmoja mgeni anaitwa Yosef, akakaa nao kama miezi sita akawafundisha kalenda na kuchinja. Kakungulu akafariki 1928. Watu wake wakaendelea bila rabi, bila msaada, vitabu vya kuhesabu kwa vidole.

Baadaye, mwaka 2002, wakaja marabi wa Marekani na Israel wa ule upande wanaouita Conservative wakawapokea rasmi watu kama mia nne hivi kwa kuwazamisha majini. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akapata urabi 2008, akawa mpaka mbunge wa Bungokho Kaskazini 2016. Kuna pia kundi la Putti linalofuata upande wa Orthodox (wanaoshika sheria za kale kwa ukali zaidi), wenyewe hawakubaliani na wenzao kwenye mambo kadhaa. Wote pamoja ni kama elfu mbili na kitu tu. Serikali ya Israel nayo 2018 ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia kule. Kwaiyo mkuu hilo swali lako wameshaulizwa na wakubwa kuliko wewe.

Na ule mpango wa Uganda wa mwaka 1903, ambao Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi, hauhusiani kabisa na hawa. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, huko Eldoret Kenya ya leo, na mkutano wao wa 1905 uliikataa.

DadaWaPwani

Uzi mtamu. Hebu nisaidie kitu, kalenda yao ni ya mwezi kama yetu Waislamu? Mbona sikukuu zao hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani?

FundiWaKyaka

Wanafuata mwezi kama nyie, ila wao kila miaka 19 wanaongeza mwezi wa ziada mara saba ili Pasaka isitoroke majira yake. Mzee alinieleza hii kwa kutumia mahindi kumi na tisa juu ya mkeka, na kuku akala mawili tukaanza upya.

Basi mwaka wao mpya, wa 5783, uliingia jioni ya Septemba 25, Jumapili. Siku tano kabla serikali ilikuwa imetangaza Ebola kule Mubende. Mbali na Mbale lakini hofu haina umbali, watu wakaacha kushikana mikono. Sasa fikiria sikukuu ambayo kazi kubwa ni kukumbatiana na kutakiana mwaka mwema, mnasalimiana kwa viwiko kama majogoo. Pembe ya kondoo ikapulizwa. Wa kwanza kupuliza alitoa sauti ya bodaboda iliyoishiwa mafuta, watoto wakafa kwa kicheko, mzee hakucheka hata kidogo, akaichukua akaipuliza mwenyewe na ile sauti ilipanda mpaka ng'ambo ya bonde. Nywele zilinisimama, sifichi.

Siku kumi baadaye Yom Kipur, saa ishirini na tano bila chakula wala maji. Kabla ya hapo ilikuwa wiki ya kuombana radhi. Mama mwenye nyumba wangu, mjane, alinijia mlangoni akaniomba nimsamehe kwa siku aliyoniita mlafi. Sikuwahi kujua kama aliniita mlafi!! Ningeishi kwa amani zangu.

Alaf Oktoba 9, Uganda nzima inasherehekea miaka 60 ya uhuru, redio zinapiga gwaride la Kololo, sisi tunakata migomba. Jioni ile inaanza sikukuu ya vibanda, unajenga kibanda cha matawi juu unaezeka kwa majani machache hivi kwamba nyota uzione, unakula humo siku saba. Oktoba Mbale ni mvua. Tulikula maharage yenye maji ya mbinguni. Wana hadithi moja wanaipenda wakiwa humo, kwamba enzi za Amin mtu alikamatwa kwa kujenga hicho kibanda, akaachiwa baada ya kutoa mbuzi watano. Kila anayesimulia anawanenepesha wale mbuzi.

MgisuHalisi

Mi ni wa Mbale kabisa, nipo Nairobi kikazi. Fundi 2022 ilikuwa mwaka wa imbalu, hukuona ngoma? Waambie hao wana JF (JamiiForums) wajue.

FundiWaKyaka

Mgisu umenikumbusha. Wakuu, Wagisu wanatahiri vijana wakubwa, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana anapakwa unga anacheza kijiji kizima kisha anasimama wima hadharani bila kupepesa. Ukipepesa umeaibisha ukoo. Abayudaya wao wanatahiri mtoto siku ya nane. Na wengi wao ni Wagisu au wameoana na Wagisu.

Kwaiyo Agosti ile kijana mmoja wa kama miaka kumi na saba pale kwetu alikuwa na hali mbaya kweli. Wenzake wote wa darasani wanacheza na njuga miguuni, yeye alishamaliza shughuli akiwa na siku nane na hakuna aliyemwona akiwa jasiri. Wajomba zake upande wa mama wanamwita mtoto. Akaniambia, fundi, mi nilikatwa sikuulizwa na nililia, kila mtu anajua nililia. Nilicheka lakini yeye hakuwa anatania. Baadaye nilimwona anakimbia na wale wa imbalu, anawabebea maji.

MgisuHalisi

Hiyo kitu iko. Binamu yangu ni Muyudaya, alienda kusimama na sisi kama mshangiliaji tu, mzee mmoja akamwambia wewe ulilipa mapema, acha kulalamika. Tulimpenda yule mzee.

Kiherehere_Mkuu

Hahaha "ulilipa mapema". Fundi leta Hanuka, wale wanaowasha mishumaa.

FundiWaKyaka

Hanuka usiku wa kwanza ilikuwa Desemba 18, 2022. Sasa nani anakumbuka Desemba 18, 2022?

Fainali mkuu!! Argentina na Ufaransa, saa kumi na mbili jioni saa zetu. Mshumaa unawashwa jua likizama. Na televisheni pekee ya kueleweka kwenye kile kijiji inatumia inveta niliyofunga mimi. Shule zilikuwa zimeshafungwa toka Novemba 25, mapema kwa sababu ya Ebola, kwaiyo watoto wote wapo, wajomba wametoka Kampala na Jinja, nyumba imejaa mpaka dirishani. Mzee akasema mshumaa kwanza. Wakawasha, wakaimba haraka haraka sijawahi kuwasikia wakiimba kwa kasi ile, wakarudi Argentina ishapiga mbili. Mbappé aliposawazisha mshumaa ulishazima na hakuna aliyeona. Hanuka sio Sabato, umeme unaruhusiwa, ila nilikuwa nimesahau kubadilisha taima. Saa nne kamili ikazima kila kitu. Bahati mpira ulikuwa umeisha na kombe limeshanyanyuliwa, la sivyo nisingekuwa hapa naandika.

Mama_Wawili

Nasoma nacheka peke yangu kwenye daladala. Ila fundi ulisema "la kwetu". Ulibadili dini?

FundiWaKyaka

Hapana dada. Mi Mlutheri wa kubatizwa na nimebaki hivo. Hawakuniomba nijiunge hata siku moja, na nikiri kuna siku iliniuma kidogo kwamba hawaniombi.

Hapa sasa ndo penyewe nilipotaka kufika. Kuna sala ambazo hawawezi kuzisoma mpaka wawe watu wazima kumi. Wakiwa tisa, wanaziruka. Tora haitolewi kabatini. Kijiji cha nyumba ishirini unaweza kudhani kumi ni rahisi, lakini toa walioko Kampala wanatafuta maisha, toa walioko chuo, toa wagonjwa, toa aliyegombana na mzee kuhusu mpaka wa shamba na hasogei pale. Jumamosi asubuhi ni kusubiri. Unakaa kwenye benchi, unasikia hatua nje, watu wote wanageuza shingo, kumbe ni mbuzi.

Na hawahesabu watu kwa namba, moja mbili tatu, ni mwiko. Wanatumia mstari wa Zaburi ya 28 wa mwisho, kwa Kiebrania una maneno kumi, kila mtu anapewa neno, neno likiisha kwenye kichwa cha mtu basi mmetimia. Mi nikajaribu kwa Kiswahili nilichokariri sande skuli: Uwaokoe / watu / wako / uubariki / urithi / wako / uwachunge / uwachukue / milele. Nikarudia. Tisa! Nikamwambia mzee Kiswahili chetu kimepungukiwa mtu mmoja. Akasema basi hata nyie mnamsubiri.

Mwaka mzima nilikuwa nakaa benchi la nyuma na mara nyingi sana walikuwa tisa na mimi. Kumi kwa macho, tisa kwa hesabu. Mgeni yeyote angeingia angesema mbona mmetimia.

Februari 2023 akafariki mama mzazi wa mwenye nyumba wangu, jajja (bibi) tulimwita, alikuwa na miaka mingi. Wao hawakai na maiti, alifariki usiku akazikwa kesho yake, sanda nyeupe tu. Baada ya hapo siku saba wafiwa wanakaa chini nyumbani, hawafanyi kazi, watu wanawaletea chakula na sala zinasomwa pale pale. Kuna sala ya waliofiwa inaitwa Kadishi, lazima kumi. Sabato watu wanajitahidi, lakini hii ni siku saba za katikati ya wiki, watu wako shamba, wako sokoni, mmoja ni dereva wa lori la saruji Tororo.

Siku ya kwanza na ya pili tukapata. Boda wawili walikuwa wanazunguka vilima kukusanya watu kama wanakusanya kura. Siku ya tatu jioni mvua, wanaume wako tisa. Wanawake wako sita mle ndani. Nabugoye wanawake wanahesabiwa, Putti hawahesabiwi, hapa kwetu hawajawahi kuamua kwa sababu hawakuwahi kubanwa namna hii, mwanamke akija alikuja tu. Mmoja wa wazee akasema tusubiri. Tukasubiri. Mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani. Mwenye nyumba wangu kakaa kwenye mkeka, nguo yake imechanwa kidogo hapa kifuani kama desturi yao, hasemi neno. Yule mzee akarudia tusubiri. Mzee wetu akanyamaza muda mrefu, alaf akasema: aliyekufa ni mama, anayemlilia ni huyu binti yake, mnataka nimwambie nini, kwamba yeye hayupo hapa?

Akaanza ule mstari, akampa yeye neno la kumi.

Yule mwingine alitoka nje akasimama kibarazani kwenye mvua. Hakuondoka lakini. Kwa hesabu zake yeye alikuwa nje, kwa hesabu za mzee akaitika "amina" toka dirishani. Wiki iliyofuata walinuniana, Purimu ya Machi (sikukuu ya Malkia Esta) wakacheza pamoja watoto wamevaa mataji ya maboksi, na lile jambo halikutajwa tena. Hawakupiga kura wala kuandika popote. Ila toka siku ile wanawake wanapewa neno.

Mama_Wawili

Nimeshuka kituo sio changu.

DadaWaPwani

Mashallah, simulizi. Endelea na Pasaka, uliigusia kwenye ile kalenda ya mahindi.

FundiWaKyaka

Pasaka yao 2023 ilianza jioni ya Aprili 5. Ramadhani ilikuwa imeanza Machi 23. Pasaka ya Kikristo Aprili 9. Kwenye kijiji kimoja wiki moja: Waislamu hawali mchana, Wayahudi hawali kilichochachuka, Wakatoliki hawali nyama Ijumaa Kuu. Muuza chapati alikuwa na sura ya msiba.

Hapo mkumbuke kule kuna ushirika wa kahawa ulioanza 2004, Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, wa wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Aliyeuanzisha ni J. J. Keki, Muyudaya, ambaye Septemba 11, 2001 alikuwa New York akayaona yale majengo kwa macho yake akarudi akaenda kugonga milango ya majirani. Kwaiyo kujua sikukuu ya jirani kule hakuanzii kwenye uungwana peke yake, ni biashara pia, lazima ujue lini nani hatakuwepo kupima kahawa.

Mkate usiochachuka nilidhani ni chapati tu. Nilimwambia mama mwenye nyumba mbona hii kazi ndogo. Alinicheka. Toka maji yaguse unga mpaka itoke motoni ni dakika kumi na nane, ikizidi imeharibika. Nikapewa kazi ya kushika saa, mimi Taima. Wanawake wanakanda wanasukuma kama wanakimbizwa, watoto wanachoma matundu kwa uma, mimi napiga kelele "kumi na tano! kumi na sita!" Ikatoka kitu kigumu kama kigae. Nimekula siku nane. Tumbo langu linajua.

Usiku wenyewe wanasimulia kutoka Misri, mezani kuna mboga chungu, maji ya chumvi, juisi ya zabibu kavu waliyochemsha wenyewe. Mtoto mdogo kuliko wote anauliza usiku huu una tofauti gani na mingine. Mzee akasimulia Farao na bahari, alaf bila kupumzika, kama vile ni ukurasa ule ule, akaingia kwa Amin. Amin alipovunja uhusiano na Israel 1972 na hawa nao wakapigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, vitabu vikafichwa, watu wakawa wanasali vyumbani usiku kwa kunong'ona. Wengi wakahamia Ukristo au Uislamu. Wanasema walibaki kama mia tatu tu. Baba yake mzee alikifukia kitabu cha sala shambani ndani ya mtungi, chini ya mgomba, na kila mgomba ulipokatwa wakapanda mwingine pale pale wasipoteze alama.

Alaf akasema: na jeshi la Tanzania likaingia Kampala Aprili 11, 1979, na jioni ile, ile ile, ilikuwa usiku wa Pasaka.

Wakuu nilibaki na kigae changu mkononi. Mimi ni wa Kyaka. Mama yangu alikuwa na miaka tisa Amin alipovuka mwishoni mwa Oktoba 1978, walikimbia na sufuria moja na mbuzi, daraja letu likalipuliwa. Hiyo vita nimelelewa nayo, kwetu ni ya Kagera, ni ya mashamba yaliyochomwa na watu waliochukuliwa wasirudi. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili kabisa wa Uganda kuna watu wanaisimulia mezani kila mwaka baada ya Musa. Mzee akanigeukia, akauliza mama yako yupo? Nikasema yupo. Akasema mwambie tulimsubiri. Mbale yenyewe iliwabidi wangoje siku zaidi mpaka askari wafike, lakini walipopata habari ya Kampala walijua.

Usiku ule ule nilimpigia mama nikiwa nje gizani. Aliniuliza tu kama nimekula.

Mstaafu_Monduli

Ndugu Fundi, nimesoma bila kuchangia mpaka hapa. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana wa wakati ule, nikiwa na cheo cha chini kabisa. Tarehe unazozitaja ni sahihi. Sisi hatukujua habari ya Pasaka hiyo. Tulijua ya kwetu tu, Jumapili ya tarehe 15, ambayo padri mmoja alitusomea misa tukiwa tumekaa juu ya masanduku ya risasi, na wenzetu Waislamu wakatulindia. Raia walikuwa wanatupa matawi na ndizi njiani tukadhani ni furaha ya kawaida. Huwezi kujua nani anakushangilia kwa sababu gani. Mfikishie huyo mzee salamu zangu.

FundiWaKyaka

Shikamoo mzee. Salamu zitafika.

Kiherehere_Mkuu

Shikamoo mzee wangu. Leo sina utani.

MchokoziNo1

Mbona mwandishi hazungumzii yanayotokea Gaza? Au Wayahudi wa Mbale hawahusiki?

FundiWaKyaka

Mkuu mimi niliondoka Agosti 2023. Nyuzi za huko ziko nyingi humu na ni moto, hii nimeandika ya kilima kimoja.

Nimalizie. Baada ya Pasaka wanahesabu siku 49, siku kwa siku kila jioni (siku zinahesabika, watu ndo hapana), mpaka sikukuu ya kupewa Tora, mwaka ule ilikuwa usiku wa Mei 25. Wanakesha wanasoma. Mi nilisinzia saa sita. Julai 26 jioni wakafunga tena kwa ajili ya hekalu lililobomolewa Yerusalemu, wamekaa sakafuni na taa moja tu, wakanitaka nipunguze mwanga. Ndiyo kazi yangu ya mwisho pale, kuchomoa taa tatu kati ya nne. Wiki mbili baadaye mkataba ukaisha nikarudi Kagera.

DadaWaPwani

Na taima je? Bado inafanya kazi au walishairudia mishumaa?

FundiWaKyaka

Taima inafanya kazi, ila betri moja imeanza kuvimba. Mzee alinipigia jana Alhamisi, anajua Ijumaa jioni simu anazima, akaniuliza hizi betri zinakaa miaka mingapi. Nikamwambia ukizitunza mitatu, minne. Akasema basi umeshachelewa, njoo. Nikampa salamu za Mstaafu, akanyamaza, akasema nimpelekee shukrani. Nikamuuliza na nyie siku hizi mko wangapi Jumamosi.

Akasema Taima, unajua hatuhesabu watu.